Kupima afya njema ya akili kwa watu wazima Uganda: tunauliza nini, na kwa nini

Ukitaja afya ya akili hapa Uganda, iwe sokoni Owino au kwenye steji ya bodaboda mjini Arua, mawazo ya wengi hukimbilia Butabika. Hospitali hiyo ya taifa ya rufaa, iliyoanzishwa mwaka 1955, imehudumia vizazi kadhaa na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Ila jina lake limemeza jambo zima: mtu ama ni wa Butabika, ama ni mzima. Na daftari la wagonjwa likiwa ndicho kipimo chetu pekee, tutawajua waliofika kwa daktari tu. Sensa ya 2024 ilihesabu watu takriban milioni 45.9 nchini. Hao wengine wanaishije?

Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu maradhi. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Maneno hayo yamenukuliwa sana, huku wizara na vyuo duniani vikiendelea kuhesabu magonjwa, kwa sababu ugonjwa una dalili na dalili huhesabika. Ustawi ulionekana jambo la kusema kwenye hotuba.

Mwaka 2002 mwanasosholojia wa Marekani, Corey Keyes, alionyesha kwamba ugonjwa wa akili na afya njema ya akili si ncha mbili za mstari mmoja. Ni mistari miwili. Mtu anaweza kuishi na ugonjwa unaotibiwa, akawa na kazi, marafiki na matumaini. Mwingine hana ugonjwa wowote ambao daktari angeuandika, lakini siku zake hazina ladha, hana anayemtegemea wala anayemsikiliza, na haoni mbele. Huyu wa pili hayumo kwenye takwimu zozote za hospitali. Kwa maoni yangu ndiye tunayemkosea zaidi, kwa sababu tunasubiri augue ndipo tumwone.

Vipimo vilivyobuniwa kumwona mtu kama huyo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hakuna damu inayotolewa wala mashine. Kimojawapo kilitengenezwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Warwick na Edinburgh na kuchapishwa mwaka 2007. Kina kauli 14, zote zenye kuelekea kwenye uzuri: je, katika wiki mbili zilizopita mtu amejiona wa manufaa, amewaza kwa utulivu, amejisikia karibu na watu, ameweza kukata shauri mwenyewe? Kila kauli hupewa alama 1 hadi 5, kuanzia "hata mara moja" hadi "wakati wote", hivyo jumla huwa kati ya 14 na 70. Lipo toleo fupi la kauli 7. Kipimo kingine, cha Shirika la Afya Duniani, kilitolewa mwaka 1998 na kina maswali 5 tu: furaha, utulivu, nguvu za mwili, kuamka ukiwa umepumzika, na kuwa na mambo ya kukuvutia katika siku yako. Jumla yake, 0 hadi 25, huzidishwa kwa 4 ili ipatikane alama kati ya 0 na 100. Anayepata 50 au chini ya hapo anashauriwa achunguzwe zaidi, maana huenda ana sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu. Toleo la Kiswahili la maswali hayo limeshajaribiwa pwani ya Kenya kwa watu wanaoishi na VVU na wenye kifafa, na lilifaa.

Je, tulichukue hivyo hivyo tuingie nalo kijijini? Hapana, na hapa nataka tukae kidogo.

Sisi tuna adabu ya salamu. Ukimwuliza mtu "Habari za nyumbani?" atasema "Nzuri," kisha akuongezee, "ila tumefiwa na shemeji." Hadanganyi, salamu ina jibu lake na habari ina nafasi yake. Mhoji akifika uani na karatasi na kuanza kuuliza "Umekuwa na furaha?", mama mwenye heshima zake atajibu "Tunashukuru Mungu," na mhoji ataandika alama 5. Hapo hatujapima ustawi, tumepima adabu. Ndiyo maana mhoji aliyefunzwa vizuri hamalizi kazi kwa dakika tano. Hukaa, hueleza kwamba hakuna jibu sahihi, na huomba mahali ambapo mume, mkwe au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) hawasikii. Mwanamke hawezi kusema kama ana uhuru wa kukata shauri ilhali mwenye kumkatia mashauri amekaa mkekani pembeni.

Kuna pia wakati wa kuuliza. Vipimo hivi huangalia wiki mbili zilizopita. Ukiwahoji wazazi wa Mbale shule zinapofunguliwa Februari, ada ikiwa imewakaba, utapata picha moja. Ukirudi baada ya mavuno na kahawa ikiwa imeuzwa, utapata nyingine kabisa. Zote mbili ni za kweli. Kosa ni kuzilinganisha na kutangaza kwamba mradi fulani umeleta ustawi. Anayetaka kulinganisha miaka lazima arudi msimu ule ule.

Lugha nayo isichukuliwe kuwa moja kwa wote. Kiswahili cha mkimbizi kutoka Kongo aliyeko Nakivale si kile cha askari aliyejifunzia kambini, wala cha mchuuzi wa Busia anayevuka mpaka kila siku. Njia inayofaa ni kumsomea mtu swali, kisha kumwomba aeleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Wengi wakieleza jambo jingine, swali liandikwe upya.

Uganda ina mfano wa kujivunia katika hili. Kabla ya utafiti mashuhuri wa tiba ya sonona kwa vikundi vijijini Masaka na Rakai, uliochapishwa mwaka 2003, watafiti hawakuanza na orodha yao. Waliwauliza wanavijiji ni kazi gani mwanamume au mwanamke huzifanya ili kujitunza mwenyewe, kutunza familia na kushiriki katika jamii. Majibu yao ndiyo yaliyogeuzwa kuwa maswali: kulima, kupika, usafi wa mwili, kuhudhuria mikutano, kuwasaidia waliofiwa. Mtu asiyekwenda msibani hapa kwetu ana jambo, na hakuna dodoso la Ulaya lingefikiria kuuliza hilo. Tukipima afya njema ya akili bila kugusa ujirani, msiba, sherehe na chama cha akiba, tutakuwa tumeacha nje sehemu kubwa ya kinachomfanya Mganda aone maisha yana maana.

Kwa hiyo msikubali haraka mtu anapolinganisha nchi. Kwa miaka mingi wastani wa watu wazima wa Uskoti kwenye kile kipimo cha kauli 14 ulikuwa karibu na 50. Tukipata 52 Gulu, haimaanishi watu wa Gulu wana ustawi kuliko Waskoti. Tukipata 46, haimaanishi kinyume chake. Faida iko katika kulinganisha wetu kwa wetu: vijana wasio na ajira na walio nayo, wajane na walioolewa, wilaya moja mwaka huu na miaka mitatu baadaye. Hapo ndipo wilaya inaweza kuona ni kundi gani linadhoofika kabla wodi hazijajaa, na kupanga fedha zake kwa ushahidi. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani, imesisitiza matibabu na haki za mgonjwa. Ni hatua kubwa, na tunahitaji kipimo cha wazima kiende sambamba nayo.

Ukitembelewa na mhoji, mwulize anatoka taasisi gani na majibu yataenda wapi. Una haki ya kukataa, au kuacha katikati, bila kunyimwa huduma yoyote. Jina lako halipaswi kukaa pamoja na majibu yako. Alama zako zikiwa ndogo, hazikufanyi mgonjwa. Uamuzi huo ni wa mtaalamu aliyekaa nawe na kukusikiliza. Na ukimwambia mhoji kwamba umezidiwa, au unafikiria kujidhuru, hana ruhusa ya kufunga daftari na kwenda nyumba ya pili. Anapaswa awe na orodha ya huduma za eneo hilo: kituo cha afya kilicho karibu, hospitali ya rufaa ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili, au Butabika yenyewe. Utafiti usio na orodha hiyo haupaswi kuanza.