RAM haishuki bei kwa sababu tu teknolojia inakua

Wengi huamini kwamba teknolojia ikisonga mbele, RAM, yaani chipu za kumbukumbu ya muda za kompyuta na simu, lazima ishuke bei kila mwaka. Sivyo. Kiwanda cha chipu huchukua miaka kujengwa na hula mabilioni ya dola. Kampuni hupanua viwanda bei ikiwa juu, kisha mzigo wote unamwagika sokoni kwa mpigo na bei inaporomoka. Msukosuko wa aina hiyo uliiangusha kampuni ya chipu za kumbukumbu ya Qimonda ya Ujerumani mwaka 2009, kisha Elpida ya Japani mwaka 2012. Leo soko limebaki zaidi mikononi mwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Bei zilipodorora mwaka 2023, kampuni hizo zilipunguza uzalishaji, na bei zikapanda tena.

Sasa kuna HBM, na hapa ndipo penye uzito: kumbukumbu ya matabaka yaliyobebana, inayokaa ubavuni mwa chipu za akili unde (AI). Kwa ujazo uleule, inakula takriban mara tatu ya silikoni (malighafi ya chipu) inayohitajiwa na DDR5, aina ya RAM ya kawaida. Silikoni ikienda huko, RAM ya kawaida inakosa. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa rejareja.