Tabaka la chungu: siafu mmoja, sura kadhaa

Masika yakishika, usiku huja mdudu kugonga taa ya barazani: ana urefu wa sentimita tatu hivi, rangi ya kahawia, mabawa manne na tumbo refu kama soseji. Wengi humkimbia wakidhani ni nyigu. Hata Linnaeus, Mswidi aliyeasisi utaratibu wa majina ya kisayansi, alimwandika mdudu wa aina hii kama nyigu mwaka 1764. Kumbe ni siafu dume, na siafu ni aina ya chungu, yaani jamii ya sisimizi.

Hiyo ndiyo maana ya tabaka: wadudu wa spishi moja, hata wa kiota kimoja, wenye maumbo tofauti kwa kuwa kazi zao ni tofauti. Malkia hutaga. Wafanyakazi hulisha mabuu, huwinda na kulinda. Wale wenye vichwa vikubwa na taya za kutisha huitwa askari. Dume humpanda malkia tu, kisha hufa. Na wafanyakazi wote ni majike, pamoja na yule askari anayeng'ang'ania suruali yako.

Kwa hiyo ukiokota mdudu nje, tafuta tabaka kwanza, spishi baadaye. Ila hakikisha ni chungu kweli. Kumbikumbi tunaowakaanga ni mchwa: hana kiuno chembamba, mabawa yake manne yanalingana urefu, na vipapasio vyake vimenyooka. Chungu ana kiuno, mabawa ya mbele huzidi ya nyuma, na vipapasio vya malkia na wafanyakazi vimepinda kama kiwiko.

Mwenye mabawa ni dume au malkia kijana. Asiye na mabawa, mtazame kifua: kikiwa kinene na chenye makovu yalipokatika mabawa, ni malkia, kikiwa chembamba, ni mfanyakazi. Siafu, kwa ukaidi wake, huvunja kanuni hii, maana malkia wao hazaliwi na mabawa kabisa.

Ukubwa usikudanganye. Katika msafara mmoja wa siafu utaona wafanyakazi wa milimita tatu na wengine wanaozidi sentimita, wote watoto wa mama mmoja. Tazama macho, vinundu vya kiunoni (kimoja au viwili), na mahali ulipomkuta. Mfanyakazi wa siafu hana macho, ana kinundu kimoja, na hupita chini kwa msafara. Hapo umefika kwenye jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana), Dorylus. Kupata spishi yenyewe mara nyingi kunahitaji hadubini.

Chungu aitwaye majimoto ni rahisi zaidi kumtambua. Ana macho makubwa, miguu mirefu, hukaa kwenye miembe na mikorosho, na kiota chake ni majani mabichi yaliyoshonwa kwa hariri ya mabuu wake. Afrika ina spishi moja tu ya jenasi yake, Oecophylla longinoda, kwa hiyo kiota peke yake chatosha kumtaja jina.