Kano ya Achilles haivutwi sawasawa

Nikiweka kipimo cha ultrasaundi nyuma ya kifundo cha mguu na kumwomba mgonjwa akandamize kibao kwa unyayo, ninachokitazama kwanza kwenye skrini ni tofauti ya mwendo ndani ya kano ya Achilles, kamba ngumu inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino. Vidoa vyeupe vya safu ya ndani, iliyo upande wa mfupa, hupanda zaidi kuelekea shavu la mguu kuliko vya safu iliyo karibu na ngozi. Kano ni moja, lakini safu zake zinateleza, kila moja kwa kiasi chake.

Sababu iko kwenye maumbile. Kano hii ina mafungu matatu ya nyuzi: mawili yanatoka kwenye vichwa viwili vya gastroknemio, msuli wa juu wa shavu la mguu, la tatu kwenye soleo, msuli uliolala chini yake. Mafungu hayo hujisokota yanaposhuka kisiginoni, na kiasi cha kujisokota hutofautiana sana baina ya watu. Tena, gastroknemio huanzia juu ya goti, soleo chini yake. Ukikunja goti, gastroknemio hulegea na kazi kubwa humwangukia mwenzake. Unyayo unaweza kusukuma kwa nguvu ile ile, huku mzigo ndani ya kano umegawanyika vingine kabisa.

Kurefuka nako kuna hatua zake. Nyuzi za kolajeni, protini inayojenga kano, zikiwa zimetulia huwa na vijiwimbi. Msuli ukianza kukaza, vijiwimbi hunyooka na kano hurefuka kirahisi. Vikiisha, inakuwa ngumu kuvutika. Mtu akikaza kwa nguvu zote, sehemu huru ya kano, ile isiyoshikana na msuli, hurefuka takriban asilimia 5 hadi 8. Ikiwa na sentimita 6, hizo ni milimita 3 hadi 5 hivi.

Kwa hiyo kosa dogo la upimaji linaharibu kila kitu. Kisigino kikinyanyuka kidogo tu kwenye kibao, maungio ya msuli na kano husogea pia, na mwendo huo huhesabiwa kana kwamba kano imerefuka. Vipimo visivyorekebisha jambo hilo sivitegemei.

Kwa wazee, tofauti ya mwendo kati ya safu hupungua. Kwa wagonjwa wa rika zote, mazoezi ya kunyanyua visigino ninayaagiza goti likiwa limenyooka, na tena likiwa limekunjwa, ili soleo nayo ipate mzigo wake.