Kina cha Breslow: milimita zinazopimwa kwa mgonjwa wa melanoma

Mtu akiambiwa ana melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali kuliko zile za kawaida, kwanza huuliza kama atapona. Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye majibu ya maabara, katika namba iitwayo kina cha Breslow. Alexander Breslow alikuwa daktari wa patholojia, yaani anayechunguza magonjwa kwenye vipande vya mwili, nchini Marekani. Mwaka 1970 alionyesha kwamba unene wa uvimbe hutabiri mwenendo wa ugonjwa. Unene huo, ambao ndio kina chenyewe, hupimwa kwa darubini, kuanzia chini kidogo ya gamba la juu la ngozi hadi seli ya saratani iliyozama kuliko zote.

Doa pana linaweza kuwa na hatari ndogo kuliko kipele kidogo kilichozama. Tabaka la juu la ngozi halina mishipa ya damu. Mishipa hiyo, pamoja na ile ya limfu (majimaji ya mwili yenye seli za kinga), iko chini yake. Seli zikishuka hadi huko zimepata njia ya kusafiri. Melanoma isiyozidi milimita 1 kwa kawaida hukatwa na mgonjwa akapona. Ikipita milimita 4, hatari ya kusambaa ni kubwa.

Kina hakisomwi peke yake. Uvimbe uliochubuka na kuwa kidonda ni mbaya kuliko wenye kina kilekile ambao ngozi yake ni nzima. Daktari huangalia pia kama tezi za limfu zilizo karibu zimeshaingiliwa. Kwa wagonjwa ambao saratani imekwisha kusambaa hadi mapafu au ubongo, dawa za kizazi kipya za kuamsha kinga ya mwili, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2011, zimewaongezea wengi miaka ya kuishi.

Linaloniuma zaidi ni kuchelewa. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, melanoma hupenda kujitokeza kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, na mara nyingi hudhaniwa ni jeraha la kawaida au fangasi. Hadi ikipimwa, kina kimeshaongezeka. Mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha mmoja, au kidonda cha unyayo kisichopona, kionyeshwe daktari mapema.

Na kipande kinachokatwa kwa uchunguzi kifike chini ya doa lenyewe. Kikikwanguliwa juujuu, kitako cha uvimbe hubaki mwilini, na kina chake halisi hakiwezi kupimwa.