Maana ya uvegani, kuanzia kwenye chungu cha mboga

Ukimwambia mwenyeji wako wa Kisumu au Kakamega kwamba huli nyama, huenda akakuandalia sahani ya mgagani, ule ambao sokoni watu huuita saga na Waluo huuita dek, akiamini kwamba haja yako yote imetimizwa. Majani ya mgagani ni machungu. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha hutiwa maziwa na kuachwa yatokote taratibu, na kesho yake huongezwa maziwa mengine, mpaka uchungu utulie na mboga ipate ule ulaini unaopendwa na wazee. Aliyeacha nyama peke yake ataila mboga hiyo kwa raha, lakini aliye vegani hataigusa. Tofauti iliyopo kati ya wageni hao wawili ndiyo maana yenyewe ya neno hili, na wengi wanaolitumia huipita bila kuiona.

Neno vegani lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, mwezi wa Novemba, wakati Donald Watson na wenzake wachache walipoanzisha chama chao. Waliliunda kwa kuunganisha herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno la Kiingereza linalomtaja mla mboga, vegetarian. Ulaji mboga ulikuwa na chama chake nchini humo tangu mwaka 1847, lakini uliruhusu maziwa na mayai, na ruhusa hiyo ndiyo waliyoikataa. Hoja yao ni nyepesi kuielewa kwa yeyote aliyekulia penye zizi: ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na akizaa ndama dume, ndama huyo hana kazi katika biashara ya maziwa, kwa hiyo mara nyingi huishia kuwa nyama. Anayekunywa maziwa, kwa mujibu wa hoja hiyo, hajatoka katika mlolongo unaofikia kichinjioni. Amesimama mbali kidogo tu.

Kwa sababu hiyo, ufafanuzi unaotumiwa na chama cha Watson leo hauanzi na chakula. Unasema, kwa ufupi, kwamba uvegani ni njia ya kuishi inayojitahidi kuepuka, kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, kila namna ya kuwatumikisha wanyama na kuwatendea ukatili, iwe kwa chakula, kwa mavazi au kwa kusudi lingine lolote. Mkanda wa ngozi umo katika katazo hilo, na asali, na sufu. Kwa watu wa Kakamega, vita vya fahali vinavyofanyika kati ya Waisukha na Waidakho vimo pia, ingawa hakuna anayemla fahali aliyeshinda. Kumbikumbi wanaonaswa mvua zinapoanza wamo vilevile, kwa kuwa mdudu naye ni mnyama. Nimeona watu wakishangazwa na hilo la kumbikumbi kuliko jambo lingine lolote.

Maneno "kadiri inavyowezekana" ni sehemu ya ufafanuzi wenyewe, wala si mlango wa nyuma. Mgonjwa anayehitaji dawa ambayo ganda lake limetengenezwa kwa jelatini ya mifupa hatakiwi kuikataa akafa. Mkulima wa Bungoma anayelima kwa maksai kwa sababu hana fedha za trekta hapaswi kuhukumiwa na mtu wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe. Naliamini hilo kwa dhati, kwa sababu nimesikia neno hili likitumiwa kuwadharau watu maskini, na halikuundwa kwa kazi hiyo.

Mla mboga basi si lazima awe vegani. Huku Nyanza tunao wala mboga wa miaka mingi: Waadventista walifungua misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na miongoni mwa waumini wao wapo wanaoepuka nyama kwa ajili ya afya huku wakiendelea kunywa chai ya maziwa.

Mtunza mazingira naye si lazima awe vegani, na hapa mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Ni kweli kwamba njia hizo mbili hukutana. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya methani, ambayo hupasha joto angahewa kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi ingawa haikai hewani muda mrefu, na mwaka 2013 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba ufugaji wa dunia nzima, pamoja na kilimo cha malisho yake, unachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Hata hivyo, mizani ya mzigo huo hailingani kila mahali. Msitu wa Amazon unaofyekwa kwa ajili ya malisho si sawa na ng'ombe wawili wa Vihiga wanaokatiwa majani bandani, ambao samadi yao ndiyo mbolea ya pekee ya shamba la mahindi. Nisingependa mtu amwonyeshe mkulima huyo kidole kwa kutumia takwimu ya dunia nzima.

Tazama pia Ziwa Viktoria. Gugumaji linaloziba Ghuba ya Winam hunenepeshwa na maji machafu ya miji na mbolea inayosombwa na mito kama Nyando, na mbolea hiyo haiulizi kama iliwekwa kwenye malisho au kwenye mchicha. Vegani anayekula mchicha huo amechangia. Kwa upande mwingine, omena nyingi inayovuliwa husagwa kuwa chakula cha kuku, kwa hiyo anayeacha samaki huku akila mayai kila asubuhi bado anavua kwa mkono wa mwingine. Mfuko wa plastiki, uliopigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, haukuwa na tone la mnyama ulipobeba sukuma wiki sokoni Kibuye, na bado ulikuwa balaa kwa mitaro na kwa ng'ombe walioumeza. Uvegani huuliza kitu kimetoka kwa nani. Utunzaji wa mazingira huuliza kimetoka wapi na kitaishia wapi. Anayetaka yote mawili inambidi ajibu maswali yote mawili.

Mezani, sehemu kubwa ya jibu ilikuwepo kabla ya neno kufika. Nyoyo ya mahindi na maharagwe, kunde, mrenda, viazi vitamu, simsim na uji wa wimbi havihitaji kubadilishwa chochote. Waluhya hulainisha mrenda kwa musherekha: maganda ya maharagwe yaliyokauka huchomwa, jivu likatiwa katika chombo chenye matundu chini, maji yakapitishwa polepole na kukingwa yakiwa na rangi ya chai hafifu. Mgagani ndio ulionisumbua mimi, mpaka nilipoanza kutumia njugu. Hukaangwa kavu na kusagwa, kisha hukorogwa kwanza na maji ya uvuguvugu ili zisifanye madonge, halafu humiminwa katika mboga iliyokwisha kumwagwa maji yake machungu. Moto ukiwa mdogo, baada ya muda mafuta ya njugu hupanda juu na uchungu hutulia karibu kama kwa maziwa.

Kitu kimoja mboga zetu haziwezi kukitoa, nacho ni vitamini B12, ambayo hutengenezwa na bakteria na hutufikia hasa kupitia vyakula vya wanyama. Anayeacha vyakula hivyo vyote anapaswa kumeza vidonge vyake au kula vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Ini huhifadhi akiba yake, mara nyingi ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anaweza kujiona mzima kabisa mwanzoni, kisha ganzi ya miguu na upungufu wa damu vikamjia wakati ameshasahau alichokiacha. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiingojee akiba hiyo. Amwone mtaalamu wa lishe kabla hajabadilisha sahani yake.