Mtutu wa 9 ndani ya bastola ya .40

Wiki jana mkulima mmoja wa upande wa Njoro aliniletea bastola yake karakanani hapa Nakuru. Ni Glock 23, ya kaliba (upana wa risasi) ya .40, yaani inchi 0.40, na cheti chake kiko sawa. Akaniuliza: "Fundi, si nitoe tu huu mtutu niweke wa milimita 9? Nimeambiwa ni kazi ya dakika moja."

Kuhusu dakika moja hakudanganywa. Slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inatoka, springi inafuata, mtutu unachomoka, mwingine unakaa mahali pake bila hata bisibisi. Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu mkono unamaliza kazi kabla kichwa hakijauliza chochote.

Haja yake naielewa. Huku kwetu 9 ndiyo risasi ya kila siku, na hata kiwanda cha silaha cha Eldoret hutengeneza 9×19, ndiyo hiyo 9 yenyewe. Ile .40 ilizaliwa Marekani mwaka 1990, kazi ya Smith & Wesson na Winchester, baada ya FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, kutafuta risasi yenye nguvu zaidi kufuatia mapambano yao ya bunduki na majambazi huko Miami mwaka 1986. Miaka ilipopita, FBI wenyewe wakarudi kwenye 9.

Sasa tulia na vipimo, maana jibu lote limo humo. Kichwa cha risasi ya .40 kina kipenyo cha milimita 10.16, na cha 9 ni kama 9.01. Wengi huishia hapo, wakidhani kaliba ni tundu la mtutu tu. Mimi humpa mteja maganda mawili matupu nikamwambia ayageuze aone kitako. Kitako cha .40 ni milimita 10.77, cha 9 ni 9.96. Ni tofauti ya milimita 0.8 tu, lakini ndiyo inayoamua kila kitu, kwa kuwa kitako hakikai kwenye mtutu. Kinakaa kwenye uso wa slaidi, na kinashikwa na ndoano ndogo ya kuvutia ganda.

Ndiyo maana njia hii ni ya upande mmoja. Uso wa slaidi ya .40 ni mpana, kwa hiyo kitako chembamba cha 9 kinaingia na nafasi kidogo inabaki. Ukitaka kutoka 9 kwenda .40, kitako kipana hakina pa kukaa. Usijaribu kuchonga chuma cha slaidi ili kikae. Hapo unaharibu sehemu inayobeba kishindo chote mbele ya uso wako. Na hata ukishuka kutoka .40, mtutu wa kawaida wa Glock 19, ndugu yake wa 9, haufai, kwa sababu ni mwembamba kuliko nafasi ya slaidi yako na utacheza. Unahitaji ule uliotengenezwa mahususi kwa kubadilisha: nje una unene wa .40, ndani una tundu la 9.

Ile nafasi ndogo inayobaki kwenye kitako huleta adhabu yake. Ndoano iliyopimiwa ganda nene sasa inashika jembamba, na mara nyingine inaliachia mapema. Ganda linasimama wima kwenye dirisha la slaidi kama bomba la jiko. Tena slaidi ya .40 ni nzito, na risasi dhaifu za 9 huenda zisiisukume hadi mwisho. Kwa mazoezi ya shabaha unaondoa ganda unaendelea. Kwa bastola ya kujilinda usiku shambani, mimi sikubali mpaka ndoano na kile chuma cha kutupia ganda viwe vya 9, magazini (vile vikasha vya risasi) ziwe za 9, na risasi 200 zipite bila kukwama hata mara moja.

Vumbi letu nalo lina neno. Mitutu mingi ya kubadilisha huwa na chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, iliyobana kuliko ya kiwandani, na vumbi laini la Bonde la Ufa likichanganyika na mafuta huwa uji. Safisha chemba kila baada ya mazoezi, kisha mafuta yawe kidogo sana.

Mwenye .40 anaweza pia kuingia .357 SIG, risasi nyingine iliyotoka mwaka 1994. Hiyo ni rahisi kweli, kwa kuwa kitako ni kilekile na magazini hazibadiliki. Kwenda .45 sahau, kitako chake kinapita milimita 12. Kwenda .22 si mtutu tu, ni slaidi nzima, kwa sababu risasi ile hupigwa ukingoni mwa kitako, si katikati.

Kuna ganda ninaloliweka kwenye droo ya meza. Mteja alirudisha mtutu wake wa .40 akasahau magazini iliyojaa 9. Risasi ilizama chembani, ndoano ikaishikilia, ikalia. Ganda limevimba lote, na ubavuni limechanika kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Ukilipitisha kidole unahisi makali ya shaba. Kichwa cha risasi kilipita kikipwaya, hakikukaribia hata ubao wa shabaha. Yeye hakuumia, na namshukuru Mungu hadi leo.

Sheria sasa. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mtutu peke yake huhesabiwa kuwa silaha. Cheti chako kinataja silaha na risasi unazoruhusiwa. Kwa hiyo mtutu ulionunuliwa nje ukaletwa ndani ya sanduku la nguo ni kosa kamili, hata kama bastola yenyewe ina karatasi zote. Anza na Bodi ya Leseni za Silaha, upate kibali kwa maandishi, kisha uagize kupitia muuzaji aliyesajiliwa.

Mzee wa Njoro nilimrudishia bastola ikiwa na mtutu wake wa zamani. Barua ya kuomba kibali tuliiandika pamoja pale pale mezani, na magazini atakazotengea 9 tumekubaliana nizipake rangi nyekundu chini, ili hata gizani tochi ikizimulika ajue anachoshika.