Mzee wa kanisa si lazima awe na mvi

Wengi wakisoma "wazee wa kanisa" katika Agano Jipya huwaza babu wenye mikongojo. Neno la Kigiriki hapo ni presbuteros, na kweli asili yake ni umri: "aliye mkubwa zaidi". Lakini ukubwa huo ni wa kulinganisha tu. Kwenye Luka 15:25 kaka yake mwana mpotevu anaelezwa kwa neno hilohilo, naye bado anashinda shambani kwa baba yake. Hakuna anayemdhania kuwa kizee.

Wayahudi walishalitumia kwa viongozi wao kabla ya Wakristo, kanisa likarithi. Ndiyo maana 1 Timotheo 5 ina matumizi yote mawili: mstari wa 1, "Mzee usimkemee, bali umwonye kama baba", unahusu umri, mstari wa 17, "wazee watawalao vema", unahusu cheo. Kinachoamua ni muktadha, si kamusi.

Ila penye utamu ni Matendo 20. Mstari wa 17 Paulo, akiwa Mileto, anawaita wazee wa Efeso. Mstari wa 28 anawaambia watu haohao kwamba ni waangalizi, yaani episkopoi, neno lililotufikia kupitia Kiarabu likawa "askofu". Tito 1:5-7 nayo inayachanganya vivyo hivyo. Anayedai tangu mwanzo askofu alikuwa juu na mzee chini, basi, ana kazi ya kuieleza mistari hii. Ngazi hizo zinaonekana bayana katika barua za Ignatius wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2.